Fanesi ya gesi inaishi miaka mingapi, na lini uiondoe

Fanesi ya gesi (furnace, mashine ya kupasha nyumba joto) iliyofungwa vizuri na kutunzwa huishi miaka 15 hadi 20. Zipo zilizofika 25 na hata 30 zikiwa bado zinawaka, na zipo zilizokufa hazijamaliza 12. Kwa hiyo anayekuambia "hii ina miaka 16, lazima ibadilishwe" hajakuambia kitu bado. Umri unakuambia tu kwamba umefika wakati wa kuiangalia kwa karibu. Kinachoamua ni chuma kimoja kilichomo ndani yake, nitakieleza hapa chini, pamoja na hesabu ya pesa unazozimwaga kila mwaka.

Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu mlionunua nyumba Minneapolis, Columbus, Des Moines, Edmonton na miji mingine ya baridi kali. Aliyekulia Tanga au Bukavu hakuwa na sababu ya kuijua mashine ya kupasha nyumba joto. Unakabidhiwa funguo, unashuka besimenti, unakuta sanduku la bati limesimama kando ya tangi la maji ya moto, linanguruma, hewa ya joto inapanda vyumbani, basi unalisahau. Wengi huanza kulijua siku limezima: ni Januari, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, watoto wamevaa makoti ndani ya nyumba, na fundi aliyepatikana usiku anasema dola 7,000. Hakuna saa mbaya ya kuamua kuliko hiyo. Uamuzi wa fanesi hufanywa Agosti na Septemba, mafundi wakiwa na nafasi na wewe ukiwa na muda wa kulinganisha bei.

Anza kwa kujua umri wake. Usitegemee alichosema aliyekuuzia nyumba. Fungua mlango wa bati wa mbele. Ndani kuna lebo yenye namba ya modeli na namba iliyotanguliwa na S/N. Kwenye fanesi za kampuni za Carrier na Bryant za miaka ya karibuni, tarakimu mbili za kwanza za S/N ni wiki na mbili zinazofuata ni mwaka, kwa hiyo 2409 ni wiki ya 24 ya 2009. Goodman huanza na mwaka kisha mwezi: 0711 ni Novemba 2007. Kwenye Lennox ruka mbili za kwanza, soma ya tatu na ya nne: 5908 ni 2008. Lebo ikiwa imefutika, tazama bomba la moshi. Likiwa la plastiki nyeupe ya PVC, likitokea ukutani, hiyo ni fanesi ya ufanisi mkubwa, yaani asilimia 90 na zaidi ya joto la gesi inayoichoma huingia nyumbani. Likiwa la bati na linapanda kwenye dohani, mara nyingi ni ya asilimia 80. Na ukiona kimoto kidogo cha pailoti kinawaka saa zote hata fanesi ikiwa imepumzika, hiyo ni ya zamani sana, ya kabla ya miaka ya 1990 au kandokando yake, na ufanisi wake uko chini ya asilimia 70. Ya namna hiyo mimi siitetei. Iondoe msimu huu hata kama haijakusumbua.

Ili ujue kipi kimekufa na kipi kinaumwa tu, fuata jinsi inavyowaka. Themostati, kile kifaa cha ukutani cha kupangia joto, inaomba joto kwa kutuma umeme wa volti 24 kwenye bodi, kadi ya umeme inayoiongoza fanesi. Bodi inawasha kwanza feni ndogo ya moshi, ambayo kazi yake ni kuvuta moshi na kuusukuma nje. Mvuto ukitosha, swichi ya presha inafunga, na bodi inajua njia ya moshi iko wazi. Kisha kiwashio kinapashwa hadi kiwe chekundu, sekunde 15 hadi 30 au zaidi kidogo kulingana na aina. Ndipo vali ya gesi inafunguka na vichomeo vinawaka. Ndani ya sekunde chache, kijiti cha chuma kilichosimama ndani ya mwali, yaani sensa ya moto, kinapaswa kuithibitishia bodi kwamba moto upo. Kisipothibitisha, gesi inakatwa. Moto ukishapasha chuma, kama nusu dakika baadaye, feni kubwa inaanza kusukuma hewa ya nyumba. Simama mbele yake siku moja uangalie mzunguko huu mara mbili tatu ikiwa nzima. Siku itakaposimama njiani, utajua imesimamia hatua ipi.

Na karibu kila mahali inaposimama, sababu ni kipuri, si kifo.

Inawaka sekunde tatu au nne, inazima, inajaribu tena mara tatu, kisha inakata tamaa? Hiyo ni sensa ya moto iliyoota ukoko. Umeme unaopita kwenye mwali ni mdogo mno, wa maikroampia chache, na ukoko mwembamba usioonekana kwa macho unatosha kuuzuia. Zima umeme wa fanesi kwenye swichi iliyo pembeni yake, funga gesi, fungua skrubu moja (kwa kawaida ya kichwa cha robo inchi), chomoa kijiti, kisugue taratibu kwa sufi ya chuma laini, kifute kwa kitambaa kikavu, kirudishe. Usitumie msasa, unakikwaruza, na mikwaruzo hushika ukoko upesi zaidi. Kazi nzima ni dakika kumi. Kuna watu wameuziwa fanesi mpya kwa sababu ya kijiti hiki, na jambo hili linaniuma kila ninapolisikia.

Feni ya moshi inazunguka lakini kiwashio hakiwi chekundu? Kiwashio kimekatika, au swichi ya presha haijafunga. Viwashio vya zamani vya silikoni kabaidi huvunjika kama chaki na wengi hawapati zaidi ya miaka mitano. Vya silikoni naitraidi ni vigumu zaidi. Usikiguse kwa vidole sehemu inayowaka, mafuta ya ngozi hukiharibu. Kwa swichi ya presha, usikimbilie kuinunua. Mara nyingi swichi ni nzima na inasema kweli: bomba la PVC nje limezibwa na theluji au kiota cha ndege, au mtego wa maji umejaa uchafu. Fanesi ya ufanisi mkubwa hutoa maji, kwa sababu huupoza moshi hadi mvuke wake unageuka maji yenye asidi, galoni kadhaa kwa siku wakati wa baridi kali. Maji hayo yakikosa njia yanarudi nyuma na kuua mvuto. Mtego usafishwe kila mwaka kabla ya msimu.

Bodi ina taa ndogo inayopepesa: mara tatu, nne, tano. Maana ya kila hesabu imeandikwa nyuma ya ule mlango wa bati. Isome kabla hujampigia fundi simu, mtajie hesabu uliyoiona. Fundi mwaminifu atakuja na kipuri sahihi garini, na asiye mwaminifu atajua anaongea na mtu anayefuatilia.

Vipuri vya bei ni feni ya moshi, bodi yenyewe, na mota ya feni kubwa. Mota za kawaida si ghali sana. Zile za kisasa zenye kompyuta ndani hupita dola 1,000 kwa urahisi ukijumlisha kazi ya kufunga. Ukibadilisha kimoja cha hivyo kwenye fanesi ya miaka 8, umefanya sawa. Kwenye ya miaka 17, simama kwanza. Bandu bandu huisha gogo: kiwashio mwaka huu, bodi mwaka ujao, mota mwaka wa tatu, na umeshalipa nusu ya mpya huku ya zamani bado iko pale pale.

Sasa kile chuma nilichosema. Kinaitwa kibadilisha-joto: ni mapango ya bati gumu ambamo moto unawaka ndani, na hewa unayoivuta puani inapita nje yake. Ukuta wa chuma, mwembamba, ndio unaotenganisha moshi na pumzi zenu. Kila fanesi inapowaka chuma kinatanuka, ikizima kinanywea. Fanya hivyo mara elfu nyingi kwa mwaka, miaka 18, na chuma kinachoka kwenye mikunjo na maungio, kinapata ufa. Ufa huo hauchomelewi wala hauzibwi. Kibadilisha-joto kikipasuka, ama ununue kingine na ulipe kazi ya kuibomoa fanesi nzima ili kukiweka, ama uiondoe fanesi.

Watu wengi hudhani moshi unavuja tu kupitia ufa na kuingia vyumbani. Mara nyingi mambo huanza kinyume: feni kubwa ina nguvu kuliko ile ndogo, kwa hiyo hewa ya nyumba ndiyo inayopenya ufa na kuingia kwenye moto. Mwali unayumba, unageuka wa njano, gesi haiungui ikaisha, na hapo ndipo kaboni monoksaidi inapotengenezwa kwa wingi. Wakati mwingine mwali unarudi mbele na kuchoma nyaya. Kwa hiyo kuna jambo unaloweza kuliona mwenyewe bila kifaa chochote: tazama miale kupitia kidirisha fanesi inapowaka. Inapaswa kuwa ya buluu, imetulia, imelala kuelekea ndani. Subiri hadi feni kubwa ianze. Miale ikianza kucheza, kuinuka au kubadilika rangi wakati huo huo feni inapoanza, zima fanesi na uite fundi. Miale ikitulia, si hakikisho kwamba hakuna ufa, ila dalili kubwa haipo.

Fundi akikwambia kibadilisha-joto kimepasuka, mwombe akuonyeshe. Kamera nyembamba ya kuingiza ndani ipo, na simu ya kupiga picha iko mfukoni mwake. Mwombe pia vipimo vya moshi: kaboni monoksaidi ni ngapi kwenye bomba, kabla na baada ya feni kubwa kuanza. Fanesi iliyo sawa huonyesha namba ndogo isiyopanda. Kiwango cha sehemu 400 kwa milioni, hewa ya ziada ikiwa imeondolewa kwenye hesabu, ndicho kikomo cha kitaalamu, na fundi makini huanza kutafuta tatizo ikivuka 100. Akishindwa kukuonyesha picha wala namba, huku fomu ya mkopo wa fanesi mpya iko tayari mkononi, mshukuru na uite mwingine kesho. Lakini kama amekuonyesha ufa, msiwashe tena hata usiku mmoja. Akikufungia gesi na kuweka kibandiko chekundu cha onyo, hajakuonea.

Hapa niseme juu ya king'ora cha kaboni monoksaidi, kwa sababu gesi hii haina harufu, haina rangi, na dalili zake hufanana na mafua: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi, tena kwa watu wote ndani kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Weka king'ora kila ghorofa, karibu na vyumba vya kulala. Angalia nyuma yake tarehe ya kuisha. Vingi huishi miaka 7 au 10 kisha huwa pambo la ukutani. Ujue pia kwamba king'ora cha kawaida hakipigi haraka gesi ikiwa kidogo: kwenye kiwango cha 70 kwa milioni kinaruhusiwa kusubiri saa moja hadi nne. Kikilia, tokeni wote nje kwanza, kisha pigeni 911. Na fanesi ikizima usiku, msiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba wala gereji, msifungue mlango wa oveni ya gesi kupasha sebule. Jiko la mkaa tulilolizoea nyumbani lilikuwa uani au kwenye jiko lenye madirisha na upenyo. Nyumba za huku zimezibwa kila ufa kwa sababu ya baridi, na mkaa ndani ya nyumba kama hiyo huua familia nzima wakiwa usingizini. Nendeni kwa jirani, kwa ndugu, hotelini.

Kwa nini nyingine zinakufa na miaka 11? Filta, kwanza kabisa. Filta ikiziba, hewa haipiti, chuma kinapata joto kupita kiasi, swichi ya kikomo inakata, fanesi inapoa, inawaka tena, inakata tena. Kila mkato wa hivyo unakula umri wa kibadilisha-joto. Filta nyembamba ya inchi 1 ibadilishwe kila mwezi hadi miezi mitatu. Ile nene ya inchi 4 au 5 hukaa miezi 6 hadi 12. Wenye mazoea ya kununua filta yenye MERV (namba ya uwezo wa filta kunasa vumbi dogo) kubwa kabisa wakidhani ndiyo bora, tahadharini: MERV 13 ya inchi 1 huikaba fanesi nyingi karibu kama filta chafu. MERV 8 hadi 11 inatosha. Mshale ulio kwenye fremu uelekee kwenye fanesi. Kufunga matundu ya hewa vyumbani ili "kuokoa gesi" huleta madhara yale yale.

Ya pili ni klorini. Fanesi nyingi zimepangwa kando ya mashine ya kufulia. Mvuke wa jiki na dawa za kufulia ukivutwa na vichomeo hugeuka asidi inayokula chuma. Dawa hizo zifunikwe, zihifadhiwe chumba kingine. Fanesi mpya zinazovuta hewa ya moto kutoka nje kwa bomba la pili la PVC huepuka jambo hili, ndiyo maana napenda mabomba yawe mawili daima, moja la kuvuta na moja la kutoa, hata pale sheria inaporuhusu moja.

Ya tatu, ndiyo wengi hawaijui, ni ukubwa. Nyumba inayohitaji joto la BTU 35,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) imefungiwa fanesi ya 100,000. Inawaka dakika tano, nyumba inapata joto, inazima, inawaka tena. Mizunguko inakuwa mingi kupindukia, kiwashio kinakufa, chuma kinachoka, vyumba vya mwisho vinabaki baridi. Fanesi ya saizi sahihi, usiku wa baridi kali kuliko wote wa mwaka, inapaswa kuwaka karibu mfululizo. Huo si ugonjwa.

Ukubwa huu unaweza kuupima mwenyewe kabla hujanunua nyingine. Subiri siku ya baridi kali kweli, acha themostati kwenye nyuzi zile zile bila kuipandisha wala kuishusha, hesabu fanesi imewaka dakika ngapi ndani ya saa chache. Themostati nyingi za kisasa hukuwekea hesabu hiyo. Tuseme ni dakika 30 kwa kila saa, na lebo inasema inakula BTU 80,000 kwa ufanisi wa asilimia 80. Inatoa 64,000 ikiwaka saa nzima. Kwa nusu saa ni 32,000. Hicho ndicho nyumba yako inachohitaji siku hiyo. Fanesi mpya ya BTU 40,000 yenye ufanisi wa asilimia 96 hutoa 38,400, na inatosha pamoja na akiba. Muuzaji atakayekuja kusoma lebo ya zamani na kukuandikia 80,000 tena, hajapima chochote. Kipimo kamili cha mafundi kinaitwa Manual J, kinahesabu kuta, madirisha na dari, dai kifanywe.

Tuje kwenye pesa. Kuna kanuni mitaani inayosema: zidisha umri wa fanesi kwa gharama ya matengenezo, ikivuka 5,000 badilisha. Fanesi ya miaka 14, mota ya dola 600, ni 8,400, basi badilisha. Kanuni hii inarahisisha mno. Haiulizi kibadilisha-joto kikoje wala gesi yako ni bei gani. Kanuni ninayoitumia ni hii. Chini ya miaka 10, tengeneza, isipokuwa kimepasuka kibadilisha-joto, na hata hapo angalia waranti kwanza, kwa sababu waranti ya chuma hicho huwa ndefu, mara nyingi miaka 20 au maisha yote ya fanesi kwa mwenye nyumba wa kwanza. Kipuri utapewa, kazi utalipa. Kati ya 10 na 15, tengeneza vipuri vidogo, na kwa kikubwa dai vipimo vya moshi kwanza. Chuma kikiwa kizima, tengeneza. Baada ya 15, kipuri kikubwa kimoja kinatosha kuwa sababu ya kuiacha. Baada ya 20, weka pesa pembeni hata kama inaimba vizuri.

Akiba ya gesi nayo ihesabiwe kwa uaminifu, maana wauzaji huitia chumvi. Chukua nyumba inayochoma therm 900 (therm ni kipimo cha gesi kwenye bili) kwa mwaka kwa fanesi ya asilimia 80. Joto linaloingia vyumbani ni sawa na therm 720. Fanesi ya 96 ingehitaji therm 750 kutoa joto hilo hilo, kwa hiyo unaokoa 150. Kwa bei ya dola 1.20 kwa therm ni dola 180 kwa mwaka. Fanesi ya dola 6,000 hailipwi na akiba hiyo peke yake. Lakini kama ya zamani ni ile ya pailoti yenye asilimia 65, joto ni therm 585, mpya itahitaji kama 610, unaokoa 290, karibu dola 350 kila mwaka. Hapo hesabu inabadilika. Bili zako za Desemba hadi Machi zinaonyesha therm ulizotumia. Chukua namba zako, usichukue zangu. Kanada gesi huuzwa kwa mita za ujazo au gigajouli, ila hesabu ni ile ile.

Kwa Marekani, fanesi mpya ya nyumba haiwezi kuwa chini ya asilimia 80 tangu 2015; Kanada kiwango ni asilimia 95 tangu 2019, kwa hiyo huko huna la kuchagua. Kwa aliyeko majimbo ya kaskazini mwa Marekani nashauri 95 na kuendelea. Punguzo la kodi la serikali kuu ya Marekani kwa fanesi za ufanisi mkubwa liliisha 31 Desemba 2025. Anayekuahidi hilo kwa fanesi itakayofungwa leo hajasoma sheria. Kampuni ya gesi ya eneo lako inaweza kuwa na marejesho yake, piga simu uulize kabla ya kusaini. Mwenye kipato kidogo asisahau mipango ya msaada ya serikali ya Marekani, LIHEAP (wa gharama za nishati nyumbani) na Weatherization (wa kuzuia nyumba isipoteze joto): majimbo mengi hutumia fedha hizo kutengeneza au kubadilisha fanesi iliyokufa ya mwenye nyumba. Ombeni mapema, msione haya; fedha huisha msimu ukifika katikati. Mpangaji naye asinunue chochote. Fanesi ni ya mwenye nyumba. Mwandikie ujumbe wenye tarehe, uhifadhi nakala.

Ukishaamua, chukua bei tatu kwa maandishi. Kila moja iandike modeli, BTU, ufanisi, kibali cha mji, kuondoa ya zamani, mabomba ya PVC, njia ya maji yenye asidi, na jambo moja ambalo bei ya chini huliacha makusudi: tangi la maji ya moto. Fanesi ya zamani na tangi hilo mara nyingi walikuwa wanatumia dohani moja. Fanesi ikihamia kwenye PVC, tangi linabaki peke yake kwenye dohani pana la matofali, moshi wake mdogo unapoa kabla ya kufika juu, unageuka maji yanayobomoa matofali, au unarudi besimenti. Dohani liwekewe bomba jembamba la chuma ndani yake, au tangi libadilishwe kwa aina isiyohitaji dohani. Ulizeni swali hilo kwa kila fundi. Jinsi atakavyojibu itawaonyesha ni fundi wa aina gani.

Kiyoyozi kikikaribia umri wa fanesi, ulizieni bei ya vyote viwili pamoja. Vinatumia feni moja, na kazi ya kufungua mabati ni ile ile. Kiyoyozi kinachotumia gesi ya kupozea ya R-22 hakistahili kutengenezwa tena. Uzalishaji na uingizaji wake Marekani ulikoma 1 Januari 2020.

Siku ya kufunga, usiondoke nyumbani. Kabla fundi hajapakia vifaa vyake, mwombe namba nne akuandikie kwenye karatasi: presha ya gesi kwenye vichomeo (kawaida ni inchi 3.5 za safu ya maji kwa gesi asilia, ila lebo ndiyo yenye neno la mwisho), ongezeko la joto la hewa kati ya kuingia na kutoka, ambalo lebo imetaja mipaka yake, msukumo wa hewa kwenye njia za hewa ya nyumba, usiopaswa kupita inchi 0.5 kwa fanesi nyingi, na kaboni monoksaidi kwenye moshi. Anayezipima hizi huwa amemaliza kazi. Asiyezipima amefunga sanduku tu, na sanduku lililofungwa hivyo ndilo linalokufa na miaka 11. Mkaguzi wa mji aje baadaye asaini kibali.

Sajili waranti kwenye tovuti ya kiwanda ndani ya siku 60 au 90 kulingana na kampuni. Usipofanya hivyo, waranti ya vipuri ya miaka 10 mara nyingi hugeuka ya miaka 5. Kisha chukua kalamu ya wino mzito, andika ndani ya mlango wa bati tarehe iliyofungwa, zile namba nne, na saizi ya filta. Fundi atakayekuja kuisafisha Septemba ijayo atapima upya na kulinganisha na ulichoandika.